Baraza kwa Njia ya Simu: Wastaafu wa Southall Wakati wa Korona

Mgeni akishuka kwenye stesheni ya Southall, magharibi mwa London, hukutana na jina la mji lililoandikwa kwa Kiingereza na, chini yake, kwa herufi za Kipunjabi. Anajua mara moja kwamba amefika kwa Wahindi. Asichokijua ni kwamba amefika pia kwa watu wa nyumbani. Aingie duka lolote la mboga barabara ya Broadway aulize muhogo, ataonyeshwa umerundikwa karibu na bamia, na jina lake hapa ni "mogo". Migahawa huuza mogo wa kukaanga kwa pilipili na limau. Neno hilo halikutoka Punjab. Lilitoka Mombasa, Nairobi na Kampala, midomoni mwa watu waliozaliwa kwetu na kulelewa kwa lugha yetu.

Historia yake ni ndefu, lakini inaelezeka kwa ufupi. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Wengi walirudi kwao, wengine walikufa kazini, na maelfu kadhaa walibaki. Wengine walifuata baadaye kama mafundi, makarani na wenye maduka. Wajukuu wao waliokuwa Kenya walianza kuhamia Uingereza kwa wingi mwishoni mwa mwaka 1967, wakikimbizana na sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 1968 kuwazuia wasiingie. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na zaidi ya 28,000 wakaja Uingereza. Southall ilikuwa na kazi za viwandani, ilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na tayari ilikuwa na ndugu zao.

Leo watu hao ni wastaafu. Kuna aliyekuwa fundi katika kiwanda cha mabasi cha AEC hapa Southall mpaka kilipofungwa mwaka 1979, kuna mama aliyefua mashuka ya hospitali miaka 20, kuna mwalimu Mgoa aliyefundisha Nairobi. Pamoja nao wapo wazee wa Zanzibar walioondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na Watanzania, Wakenya na Waganda Waafrika waliokuja kusoma wakabaki. Masingasinga, Wahindu, Waislamu na Wakristo. Kinachowakutanisha ni Kiswahili.

Mimi ni nesi. Stashahada niliisomea nyumbani Tanzania, shahada nikaichukua hapa Uingereza, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa watu wanne tunaosimamia kikundi cha wastaafu wanaozungumza Kiswahili. Kabla ya korona tulikutana kila Jumatano katika ukumbi wa kupanga. Chai ya maziwa yenye iliki, karata, keram, mazoezi ya viungo ya kukaa kitini, na mazungumzo mengi. Bibi yetu mmoja wa Unguja alikuwa hawezi kusikia mtu akisema "kiti yangu" asimsahihishe. Wazee wa Nairobi walikuwa wakisema hivyo makusudi ili wamsikie akigomba. Nami nilipowapa shikamoo, nusu yao walijibu "mzuri sana, Sista".

Wasomaji wengi wa gazeti hili wana mzazi, shangazi au jirani wa umri huo. Ndiyo maana naandika jinsi tulivyoiendesha baraza ile kipindi ambacho watu walikatazwa kukutana, kwa sababu mengi tuliyoyafanya yanafaa hata pasipo ugonjwa.

Kufunga kabla ya kuambiwa

Jumatatu tarehe 16 Machi 2020 serikali ya Uingereza iliwashauri watu wote waepuke mikusanyiko isiyo ya lazima, na ikasisitiza zaidi kwa wenye miaka 70 na kuendelea. Amri ya kufungiwa ndani ilikuja wiki moja baadaye, tarehe 23. Katikati hapo ilikuwepo Jumatano yetu, tarehe 18. Kisheria tungeweza kukutana. Tukaamua kutokutana.

Haikupokelewa vizuri. Kwa mzee anayeishi peke yake, Jumatano ndiyo siku anayovaa nguo nzuri. Mzee mmoja aliyetoka Kampala aliniambia, "Sista, Amin alinipa siku 90 za kutoka. Huyu mdudu anataka siku ngapi za kukaa ndani?" Siku hiyo hakuna aliyekuwa na jibu la swali hilo, wala mimi.

Tulichokuwa nacho ni daftari la mahudhurio. Tulimpigia kila mtu na kumwomba ruhusa ya kuandika mambo matano: simu yake, simu ya ndugu wa karibu, jirani mwenye ufunguo, kituo chake cha afya, na dawa anazotumia. Wawili walikataa kutaja dawa, tukaheshimu. Kazi hiyo ilichukua siku tatu, na ndiyo iliyotubeba miezi 16 iliyofuata.

Mnyororo wa simu

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila mwanachama alipewa mwenzake mmoja, wakawa jozi, na kila asubuhi kabla ya saa 4 mmoja anampigia mwingine. Si lazima mazungumzo yawe marefu. "Umeamkaje? Umekula? Dawa umemeza?" yanatosha. Simu isipopokelewa mara mbili ndani ya nusu saa, mpigaji anamjulisha msimamizi wa siku hiyo. Msimamizi anampigia jirani mwenye ufunguo, kisha ndugu, kisha huduma za dharura.

Baadhi ya watoto wao waliona tunawafanya wazazi wao kama wagonjwa. Kisha asubuhi moja ya mwezi Mei bibi mmoja, mzaliwa wa Mombasa, hakupokea simu. Jirani aliingia akamkuta sakafuni bafuni, ameanguka usiku na hawezi kunyanyuka. Nyonga ilikuwa imevunjika, lakini alikuwa hai na ana fahamu. Mtu mzee akilala sakafuni saa nyingi hupata baridi, misuli huumia na figo zinaweza kuharibika. Kwa hiyo saa za kusubiri ndizo zinazoua, kuliko hata kuanguka kwenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyelalamika kuhusu simu za asubuhi.

Kuunganisha jozi kulihitaji busara. Tuliepuka kuwaweka pamoja watu wawili wenye huzuni moja, na kila asiyesikia vizuri tulimpa mtu mwenye sauti nzito. Mzee wa Kampala tulimpa bibi wa Unguja. Mwezi wa tatu alikuwa anasema "kiti changu".

Zoom ilitushinda, simu ya mezani ikatuokoa

Kila mtu wakati ule alikuwa anazungumzia Zoom. Watoto na wajukuu waliwanunulia wazee vishikwambi, nasi tukajaribu. Huduma ya bure ilikata mkutano wa kikundi baada ya dakika 40, wakati ambao wazee wetu walikuwa ndio wanamaliza kusalimiana. Waliokuwa na vifaa vya kusaidia kusikia walipata mlio masikioni. Waliokuwa na macho mabovu waliona vichwa vidogo visivyojulikana ni vya nani. Wengine waliona aibu ya chumba chao kuonekana.

Tukarudi kwenye simu ya kawaida ya sauti inayounganisha watu kadhaa. Kila mzee anajua kupokea simu ya mezani. Tulijifunza kwamba watu sita hadi wanane wanatosha. Wakizidi, wanagongana maneno. Tukakigawa kikundi kuwa baraza tatu, kila moja na saa yake alasiri ya Jumatano. Msimamizi alikuwa na orodha mbele yake na alimwita kila mtu kwa jina kwa zamu, ili mkimya asisahaulike na msemaji asiteke baraza nzima.

Kila wiki ilikuwa na jambo lake. Wiki moja vitendawili. Wiki nyingine kila mtu anaeleza njia aliyopita kwenda shule akiwa mtoto, duka kwa duka. Siku moja tulipika mbaazi za nazi pamoja, kila mtu jikoni kwake, simu ikiwa mezani imewekwa spika. Mwalimu wetu Mgoa alisoma magazeti ya nyumbani kwa sauti. Aprili, gwaride la Vaisakhi ambalo hujaza barabara za Southall kila mwaka lilipofutwa, mzee mmoja Singasinga alitusimulia jinsi sikukuu hiyo ilivyosherehekewa Kisumu utotoni mwake. Mei, Waislamu wetu waliisherehekea Idi majumbani, na baraza ikasikiliza nani kapika nini.

Mpweke ndani ya nyumba iliyojaa

Tulidhani walio hatarini zaidi kwa upweke ni wale wanaoishi peke yao. Nao walikuwa hatarini. Lakini Southall ina nyumba nyingi ambamo babu, watoto na wajukuu wanaishi pamoja, na humo tulikuta upweke wa aina nyingine. Mtoto anaendesha teksi au anafanya kazi Heathrow, mkwe ni mhudumu wa nyumba ya wazee, na bibi anawekwa chumba cha juu ili asiambukizwe. Chakula kinaachwa mlangoni. Anawasikia wajukuu wakicheza chini na haruhusiwi kushuka.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Ripoti ya mamlaka ya afya ya Uingereza iliyotoka Juni 2020 ilionyesha kwamba, ukizingatia umri, watu wenye asili ya Bangladesh walikuwa na hatari ya kufa kwa korona takriban mara mbili ya Waingereza weupe, na wenye asili ya India, Pakistan, Karibi na watu wengine weusi walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa kati ya asilimia 10 na 50. Kazi za kukutana na watu na nyumba zenye watu wengi vilikuwa sehemu ya sababu. Wanafamilia walikuwa sahihi kumlinda bibi. Lakini kumlinda na kumnyamazisha ni mambo mawili. Tuliwashauri watoto wamwekee simu yake mwenyewe chumbani, wafungue dirisha, wakae kwenye ngazi kwa umbali na kuzungumza naye kila jioni. Wengine walifanya hivyo.

Chakula, pensheni na runinga

Waliopewa barua ya kujitenga kabisa kwa sababu ya maradhi waliletewa masanduku ya chakula ya serikali. Ndani yake mlikuwa na vyakula vya makopo, tambi, mkate na biskuti. Ulikuwa msaada wa kweli, lakini mtu wa miaka 80 aliyezoea dengu na chapati hawezi kubadilika kwa wiki moja. Gurdwara ya Sri Guru Singh Sabha ya barabara ya Havelock, ambayo desturi yake ni kulisha mtu yeyote bila kuuliza dini, iliendelea kupika, na chakula kikapelekwa majumbani. Vijana wa kwetu nao waligawana mitaa wakapeleka unga, mchele, mchicha na dawa kutoka duka la dawa.

Simu za kila siku zilifichua mambo ambayo ukumbini hayakuwahi kusemwa. Wanachama kadhaa walikuwa na haki ya kupata nyongeza ya pensheni kwa wenye kipato kidogo na hawakuwa wameiomba. Wengine waliona ni kuombaomba, wengine fomu iliwatisha. Halafu tarehe 1 Agosti 2020 leseni ya bure ya runinga kwa wenye miaka 75 na zaidi ikaondolewa, isipokuwa kwa wanaopata nyongeza hiyo. Kwa mtu aliyefungiwa ndani, runinga ndiyo dirisha lake. Tukakaa nao kwenye simu, swali kwa swali, mpaka ombi likatumwa. Waliopata waligundua kwamba walikuwa wanaishi kwa fedha pungufu kwa miaka.

Yaliyonihusu kama nesi

Kazi yangu hospitalini iliendelea, na baada ya zamu nilikuwa mtu wa kuulizwa. Swali kubwa la kwanza lilihusu kujifukiza. Simu za ndugu kutoka Tanzania zilileta video za nyungu, na kutoka kwingine vitunguu saumu na tangawizi. Sikuwakataza tangawizi, nami naipenda kwenye chai. Niliwaambia mvuke haufiki kuua virusi mwilini, na sufuria ya maji yanayochemka mbele ya mzee mwenye mikono inayotetemeka ni hatari ya kuungua iliyo wazi.

La pili lilihusu pumzi. Korona iliwafanya baadhi ya wagonjwa wapungukiwe oksijeni bila kuhisi wanabanwa. Mtu anaongea vizuri, kumbe hali yake inazorota. Kwa hiyo tulichanga tukanunua vifaa vichache vya kupimia oksijeni kidoleni, vikawa vinazungushwa na kusafishwa. Vipimo tulivyofuata vilikuwa vile vya huduma ya afya ya Uingereza: asilimia 95 na zaidi ni kawaida, 93 au 94, piga 111 au kituo chako cha afya, 92 au chini, piga 999. Nikaongeza jambo ambalo kila familia yetu inapaswa kulijua: kifaa hiki kinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi kwa mtu mwenye ngozi nyeusi. Kama mzee anaonekana mchovu kupita kiasi, anachanganyikiwa, au hamalizi sentensi bila kupumzika, usibishane na namba. Piga simu.

Msiba bila matanga

Tulipoteza wenzetu watatu. Wawili kwa korona, mmoja kwa moyo. Wa kwanza, aliyekuwa dereva wa treni Kenya ujanani, alifariki Aprili 2020, na maziko yake yalihudhuriwa na ndugu wachache wa karibu tu, wakiwa wamekaa mbalimbali.

Kwetu mtu hafi peke yake. Watu hukaa, hupika, hulia, husimulia. Kukatazwa hayo kuliwaumiza wazee kuliko amri nyingine yoyote. Mjane wake alitwambia, "Nyumba imenyamaza kama vile hakuna aliyekufa." Basi tukaweka matanga kwa simu. Jioni tatu mfululizo, saa 12, baraza zote zilipigiwa kwa zamu. Kila aliyetaka alisimulia jambo moja kuhusu marehemu. Mwenye dua aliomba kwa dini yake, wengine wakanyamaza kwa heshima. Mjane hakutakiwa kusema chochote, alisikiliza tu. Jioni ya tatu alizungumza nusu saa, kuhusu treni iliyokwama Voi na tembo aliyekataa kuondoka relini, na kwa mara ya kwanza alicheka.

Bustanini, kisha sindano

Juni 2020 watu sita waliruhusiwa kukutana nje. Kila mmoja alikuja Southall Park na kiti chake na chupa yake ya chai, tukapima mita mbili kwa kamba. Wengine walikuwa wamepungua uzito. Wengine miguu ilikuwa imelegea kwa kukaa. Kwa hiyo mazoezi ya kusimama na kukaa mara kumi, tuliyokuwa tukiyafanya kwa simu, tukayaendeleza pale. Baridi ikaja, amri zikarudi Novemba, kisha tena Januari, nasi tukarudi kwenye simu.

Tarehe 8 Desemba 2020 Margaret Keenan, bibi wa miaka 90, alichomwa chanjo ya kwanza huko Coventry. Wazee wetu walimwona kwenye runinga, na maswali yakaanza siku hiyo hiyo. Je, ina nguruwe? Ina ng'ombe? Mbona imetengenezwa haraka? Kwa nini sindano ya pili imesogezwa hadi wiki 12? Mbona nyumbani wanasema tusichome?

Tulijibu moja moja. Chanjo za Pfizer na AstraZeneca hazikuwa na nyama wala jelatini ya mnyama yeyote. Uharaka ulitokana na fedha kutolewa mapema na hatua za majaribio kwenda sambamba, si kurukwa. Sindano ya pili ilisogezwa ili watu wengi zaidi wapate ya kwanza upesi. Hatukumlazimisha mtu. Kilichowageuza wengi si hoja zangu. Bibi wa Unguja alichomwa mwezi Januari, na Jumatano iliyofuata akaiambia baraza, "Mkono umeuma siku mbili. Mimi nipo. Nani anafuata?" Miezi kadhaa baadaye, tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Tanzania, na wazee wakawapigia ndugu zao nyumbani kuwaambia yale yale.

Kama unataka kuanza

Vizuizi vingi viliondolewa tarehe 19 Julai 2021, nasi tukarudi ukumbini polepole, madirisha wazi. Wengine hawakurudi. Wamezeeka, au wamezoea kukaa ndani. Kwa ajili yao baraza moja ya simu ipo mpaka leo.

Ndugu msomaji, huhitaji fedha nyingi wala ukumbi kufanya haya. Unahitaji orodha iliyoandikwa kwa ruhusa ya wenyewe, jozi zinazopigiana, saa isiyobadilika, na mtu mmoja anayejua la kufanya simu isipopokelewa. Ukiwa mwanafunzi, unaweza kuwa msimamizi wa siku moja kwa wiki. Wazee wanapenda kusikia sauti changa inayojua kusalimia. Mzee ambaye hana mtu kabisa, hapa Uingereza ipo Silver Line, namba 0800 470 8090, bure. Kwa Kiingereza, lakini kuna mtu wa kuzungumza naye.

Na kama mzazi wako yuko mbali, Dar es Salaam, Mombasa au mtaa wa pili, utaratibu ni ule ule. Jua jina la jirani mwenye ufunguo. Kama hulijui, hilo ndilo swali la kuuliza leo utakapompigia.